Namba 125,000: vile morue aliisha mbele ya macho ya wasomi



Karibu sisi wote hapa tumekula makayabo. Mama anailoweka tangu magaribi ili chumvi itoke, kesho yake anaipika na nyanya na kitunguu, na jirani wote wanajua leo kwetu kunaliwa nini. Siku hizi samaki wengi wa chumvi tunawaita makayabo, lakini yule aliyejulisha dunia chakula kile ni morue, samaki wa bahari ya baridi kule kaskazini ya Atlantiki. Leo nataka kuwasimulia historia yake. Muko ndani somo moja ambalo sikulipata mu oditwari hata siku moja, miaka yote nilisoma agronomia: mutu wa sayansi anafanya nini wakati ana namba ya kweli mukononi, na namba ile haifurahishi mutu yeyote?

Tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1497 John Cabot alitoka Bristol, Uingereza, akavuka bahari na kufika ku pwani ya Newfoundland, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Dhahabu hakuipata. Lakini wenzake walirudi wakisimulia kwamba samaki kule walikuwa wengi mupaka unawakamata na kikapu. Nyuma yao wakafuata Wareno, Wabaske, Wafaransa, Waingereza. Kwa miaka karibu mia tano morue wa chumvi alilisha Ulaya. Na yule wa hali ya chini kabisa, ambaye tajiri wa Ulaya hakumutaka, alipelekwa Karibe kulisha watumwa ku mashamba ya miwa. Kwa hiyo historia ya samaki huyu inagusa hata watu waliotolewa huku kwetu Afrika.

Wakati huo wote hakuna aliyefikiri samaki wanaweza kuisha. Mwaka 1883, ku maonyesho makubwa ya uvuvi London, Thomas Huxley, mumoja wa wanasayansi waliojulikana sana wakati ule, alisema kwamba morue haishi, na pengine uvuvi wote mukubwa wa bahari hauishi. Tusimucheke haraka. Huxley alikuwa anasema kwa njia za uvuvi za wakati wake: mashua ya tanga, kamba na ndoana. Kwa vyombo vile hesabu yake haikuwa ya upumbavu. Kosa lilikuwa la wale waliokuja nyuma, wakabeba jibu lake kama vile lilivyo na hawakuangalia tena swali.

Sayansi yenyewe haikulala. Mwaka 1902 nchi za Ulaya ziliunda baraza la kuchunguza bahari, makao yake Copenhagen. Mwaka 1914 Johan Hjort wa Norway alionyesha kwamba kuna mwaka mumoja watoto wa samaki wanapona wengi sana, na mwaka mungine karibu hakuna. Kwa hiyo uvuvi mwingi unaweza kutegemea kizazi kimoja tu. Kisha kuna Michael Graham, Mwingereza, ambaye sisi wa Maziwa Makubwa tungepaswa kumujua: mwaka 1927 na 1928 alikuja kuchunguza Ziwa Victoria, akashauri kwamba tundu la wavu lisipunguke inchi 5 ili ngege wadogo wapite. Mupaka ule uliwekwa, na baadaye ukaachwa. Graham alirudi kwao akawa mukubwa wa vijana wawili, Ray Beverton na Sidney Holt, ambao kitabu chao cha 1957 ndicho kilifundisha dunia kupiga hesabu ya samaki.

Hesabu yenyewe inasema nini? Nitaieleza kama mutu wa mifugo. Una mbuzi 100. Kila mwaka wanazaa, wengine wanakufa na magonjwa. Ukichinja wale tu wanaozidi, kundi linabaki. Ukichinja kuzidi kuzaa kwao, kundi linaisha, hata kama mwaka wa kwanza na wa pili nyama ni nyingi ku meza. Kota ya samaki ni ile namba ya kuchinja. Tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa: mbuzi unawahesabu jioni wakirudi zizini. Samaki hakuna anayewaona.

Sasa unawahesabu namna gani? Kwanza, mu kichwa cha samaki muna kijiwe cha sikio, kina duara kama mti uliokatwa, duara moja kwa mwaka. Ukisoma vijiwe vya samaki wengi waliovuliwa, unajua wa miaka mitatu ni wangapi, wa minne wangapi, na wanapunguka kwa mwendo gani. Pili, meli ya utafiti inatupa wavu fasi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kila mwaka kwa namna ileile. Tatu, unaangalia meli za biashara: kwa saa moja ya kuvuta wavu zinapata kilo ngapi. Unaunganisha vyote, unapata makadirio. Na makadirio yana kosa ndani yake siku zote.

Turudi Newfoundland. Mwaka 1954 Waingereza walitoa meli mupya, Fairtry. Ilikuwa kiwanda kinachoelea: wavu unapandishwa kwa nyuma, samaki anapasuliwa na mashini, anagandishwa palepale mu vyumba vya barafu. Meli kama ile haina haja ya kurudi pwani mbio, samaki hawaozi. Inavua mchana na usiku, hata kati ya barafu ya majira ya baridi. Warusi, Wajerumani, Wareno, Wahispania na wengine wakaleta za kwao. Mwaka 1968 walivua tani karibu 810,000 za morue wa kaskazini ya Newfoundland. Hakuna mwaka mungine uliofikia pale. Mwaka 1978 ilibaki karibu tani 139,000.

Je, kota haikuwako? Ilikuwako! Nchi zile zilikuwa na tume yao, na mwaka 1973 iliweka kota ya kwanza ya morue huyu: zaidi ya tani 600,000. Mwaka ule samaki waliovuliwa hawakufika hata pale. Fikirini mutu anakuwekea mupaka wa kula sahani kumi wakati chungu kina sahani sita. Ule si mupaka, ni karatasi. Wajumbe waligawana samaki kwa mezani, na kila mumoja alitaka arudi kwao na fungu linaloonekana.

Ndipo Kanada ikasema basi. Tarehe 1 Januari 1977 ikapanua eneo lake la uvuvi mupaka maili 200 kutoka pwani, meli nyingi za wageni zikatoka. Watu wa Newfoundland walifurahi sana, sawa vile sisi tungefurahi kama mali yetu inarudi mukononi mwetu. Serikali ikachagua kanuni ya busara kwa kweli: kuvua karibu samaki mumoja kati ya watano kila mwaka, si zaidi. Wanasayansi wake wakatabiri kwamba samaki watajaa tena. Na kwa imani hiyo, makuta ikaingia: mikopo, viwanda vya pwani, meli kubwa za kampuni za Kanada yenyewe.

Hapa nataka tusimame, juu hapa njo kiini cha mambo.

Wale wanasayansi walikuwa na vipimo viwili. Meli ya utafiti ilikuwa inasema: samaki hawaongezeki sana. Meli za biashara zilikuwa zinasema: kila mwaka tunapata kilo nyingi zaidi kwa saa. Vipimo viwili, majibu mawili. Kwa miaka kadhaa walichukua jibu la katikati.

Lakini kipimo cha meli za biashara kilikuwa kinadanganya, na mutu yeyote wa Uvira, Baraka ao Kalemie anaweza kuelewa sababu. Usiku, mu Tanganyika, mvuvi anawasha taa, ndagala wanakusanyika chini ya taa, anapandisha wavu umejaa. Wavu ule unakwambia nini juu ya ziwa lote? Hauelezi kitu. Unakwambia tu kwamba taa inafanya kazi. Morue naye, majira ya baridi, anakusanyika mbali mu bahari ili azae. Nahodha mwenye chombo cha kutafuta samaki kwa sauti anajua fasi ile. Hata kama samaki wamebaki nusu, hata robo, yeye anawafuata palepale walipojikusanya na wavu unajaa. Tena kila mwaka chombo chake kinakuwa bora zaidi. Kwa hiyo kilo kwa saa zinapanda wakati samaki wanashuka.

Kuna watu walioliona. Wavuvi wadogo wa pwani, wenye mashua na mitego, walikuwa wanasema tangu katikati ya miaka ya 1980: morue hafiki tena kwetu, na anayefika ni mudogo. Walijibiwa kwamba pengine maji yamebadilika, samaki wamepita njia ingine. Mwaka 1986 wavuvi hao walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu sana: chama chao kilitafuta wataalamu watatu wa biolojia wa Memorial University, pale kwao Newfoundland, wapige hesabu upya. Jibu likatoka: serikali inakadiria samaki kupita kiasi. Wakubwa hawakulipokea.

Miaka mitatu baadaye, mwanzo wa 1989, wanasayansi wa serikali wenyewe walirudia hesabu na takwimu mupya. Kumbe ile sheria ya mumoja kati ya watano haikufuatwa hata mara moja: kwa ukweli walikuwa wanavua zaidi ya mara mbili ya pale. Kota ya 1988 ilikuwa tani 266,000. Ili kurudi ku kanuni, wakasema, kota ya 1989 inafaa iwe tani 125,000.

Wekeni namba hiyo akilini: 125,000.

Waziri aliweka 235,000.

Sitaki kumufanya shetani. Kupunguza zaidi ya nusu kwa siku moja ni kufunga viwanda, ni miji mizima ya pwani kukosa kazi, kule ambako kazi ingine hakuna. Nani kati yetu angesaini karatasi ile? Alichukua namba ya katikati, kama wanasiasa wote wanavyofanya. Lakini kuna kitu kimoja ambacho namba ya katikati haiwezi: haiwezi kuzaa samaki. Unaweza kupatana na chama cha wafanyakazi, na kampuni, na gavana. Samaki hakuja ku kikao, hajui mulipatana nini.

Mwaka 1990 tume iliyoongozwa na Leslie Harris, mukubwa wa Memorial University, ilisema uvuvi upunguzwe mbio. Kota ikashuka polepole kama mutu anayeogopa ngazi: 1991 ilikuwa tani 190,000. Mwanzo wa 1992 ilikuwa 185,000. Februari ikakatwa kuwa 120,000. Mara hii ilikuwa chini hata ya ile 125,000 iliyokataliwa miaka mitatu mbele, lakini samaki wa kuifanya iwe na maana hawakuwako tena. Tarehe 2 Julai 1992 John Crosbie, waziri wa uvuvi, ambaye yeye mwenyewe ni mutoto wa Newfoundland, alitangaza St. John's kwamba uvuvi wa morue wa kaskazini umefungwa. Wavuvi wenye hasira walijaribu kuvunja mulango wa chumba alimokuwa anasemea. Siku moja mbele, pwani ya Bay Bulls, alikuwa amewajibu kwa ukali kwamba si yeye aliyetoa samaki mu maji.

Malipo ya kwanza waliyoahidiwa yalikuwa dola 225 kwa wiki. Watu zaidi ya 30,000 walipoteza kazi, na kwa Kanada hakuna siku ingine ambayo watu wengi hivyo walifukuzwa kazi kwa mara moja. Waliambiwa: miaka miwili tu. Miaka miwili ikawa kumi, kumi ikawa ishirini. Samaki wa kuzaa walikuwa wamebaki karibu asilimia 1 ya wale wa zamani. Kati ya 1991 na 2001 jimbo lile lilipoteza karibu mutu mumoja kati ya kumi. Vijana walienda kutafuta kazi mbali. Vijana kama sisi.

Nyuma ya pale ikaanza ile ingine kazi ambayo sisi Wakongomani tunaijua vizuri: kutafuta nani alikosa. Wamoja walisema ni baridi ya maji, wengine ni foka wanaokula morue, wengine ni wageni wanaovua nje ya maili 200. Mwaka 1994 Jeffrey Hutchings na Ransom Myers walichapisha uchunguzi wao: sababu kubwa ni uvuvi wenyewe. Mwaka 1997 Hutchings, pamoja na Carl Walters na Richard Haedrich, akaandika jambo zito zaidi: kwamba mu wizara, maneno ya wanasayansi yalikuwa yanapitia mikono ya watu wa utawala na siasa mbele ya kufika kwa raia, na mashaka yao yalikuwa yanafutwa njiani. Raia alipokea namba moja safi, bila kujua kwamba nyuma yake kuna wasomi waliokuwa wanabishana.

Mutu atasema: kwa hiyo kota za sayansi ni uongo tu. Hapana. Angalieni Norway. Mwaka uleule wa 1989, morue wa Bahari ya Barents naye alikuwa mubaya. Tarehe 18 Aprili 1989 Norway ilifunga uvuvi wa pwani, na kwa 1990 wao na Warusi wakakubali kota ndogo kabisa. Iliuma. Wavuvi wao nao waliingia deni. Lakini samaki walibaki wa kutosha kuzaa, bahari nayo ikawasaidia, na mwaka 2013 kota ya pamoja ilifika tani milioni 1. Siku hizi samaki wale wameshuka tena, na kota inashushwa tena. Hapo pia muko somo: kazi hii haimalizikagi.

Marekani nayo ilijifunza. Sheria yao ya uvuvi ilirekebishwa mwaka 2006: kila samaki anayesimamiwa awe na mupaka wa mwaka, na baraza linaloweka mupaka lisipite ile namba ya kamati yake ya sayansi. Wanasiasa wanaweza kugawa, wanaweza kushuka chini, lakini kupanda juu ya namba ile hapana. Yaani walitenganisha maswali mawili: "ni samaki wangapi?" na "nani atawapata?" La kwanza ni la sayansi. La pili ni la siasa. Newfoundland iliangamia kwa sababu walijibu la kwanza wakitumia sauti ya la pili.

Na Newfoundland? Juni 2024, miaka 32 nyuma ya kufungwa, Kanada ilifungua tena, na kota ya tani 18,000. Wako waliofurahi, na wako waliosema ni mapema mno. Linganisheni mwenyewe: 810,000 na 18,000.

Sasa niseme yangu.

Nyuma ya kupata lisansi nilifanya kazi miezi kadhaa mu mradi mumoja wa muhindi. Tulipima mavuno kwa mizani, shamba kwa shamba, tukapata namba ndogo. Kando ya ile, kulikuwa karatasi za mavuno ambazo viongozi wa vikundi walijaza kwa mudomo, namba kubwa. Shefu wangu hakunilazimisha kudanganya. Aliniambia tu kwa upole: "Mutoto wangu, weka ya katikati, sisi wote tutakuwa salama." Nikaweka ya katikati. Raporo ikapita, wafadhili wakafurahi. Mwaka uliofuata mbegu iligawiwa kufuatana na namba yangu, na kuna familia zilizohesabiwa kwamba ziko na chakula cha kutosha wakati hazikuwa nacho. Sikuiba franga hata moja. Lakini mupaka leo, nikisoma juu ya wale wanasayansi na vipimo vyao viwili, ninajiona mu kiti chao.

Huku kwetu namba zile zinakuja. Nchi nne zinazogusa Tanganyika zilikubaliana kufunga ziwa miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia 15 Mei mupaka 15 Agosti. Nimesikia ndugu zetu wavuvi wakilalamika, na wana haki ya kuuliza: miezi ile mitatu watoto watakula nini? Ni swali la kweli, ni la siasa, na serikali inapaswa kulijibu na kitu mukononi, isitume askari tu ku ufuko. Lakini swali lile lingine, ndagala na mikeke wamebaki wangapi mu maji, halitajibiwa na kelele za upande wowote. Litajibiwa na mutu anayeamka usiku, anapima, anaandika, mwaka kwa mwaka. Wengi wa wale watu watatoka kati yetu tunaosoma hapa.

Kwa hiyo, wadogo zangu muko bado ku masomo, nina maneno matatu tu. Mukiwa na vipimo viwili vinavyopingana, musichukue katikati juu inatuliza watu. Mutafute kwanza ni kipi kinadanganya na kwa nini. Mvuvi mudogo akisema samaki hafiki tena, musimwambie hana diploma. Yeye anapima kila siku, na mwili wake. Na mukitoa namba, mutoe pamoja na mashaka yake, kisha muiache isimame. Wakubwa wakitaka kuweka ingine, waiweke na jina lao chini yake, isiwe lenu.

Mimi lile la tatu lilinishinda mara ya kwanza. Mara ya pili, kama Mungu anaijalia, nitaandika ile ya mizani.

Tuko pamoja.